Runinga za OLED: Picha ya kuvutia, bei ghali na hatari ya alama zisizofutika

MNUNUZI anayeingia katika duka la vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, iwe ni katika barabara ya Luthuli au ndani ya mojawapo ya majengo makubwa ya kibiashara, hulakiwa na safu ya runinga zinazong'aa, zote zikionyesha maua, samaki wa baharini na milima yenye theluji. Kila moja imebandikwa herufi zake: LED, QLED, QNED, OLED. Bei nazo zatofautiana kama mbingu na ardhi, ilhali kwa macho ya mtu aliyesimama chini ya taa kali za dukani, picha zote zaonekana kuwa sawa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wapo wanaolipia QLED wakidhani wamepata OLED, maana tofauti ya Q na O ni kimkia tu cha herufi. Na wapo wanaonunua OLED yenyewe kwa akiba ya miaka kadhaa, kisha wakaitumia kwa namna inayoichakaza kabla ya wakati wake bila kujua.

Ni vyema basi kuanza na majina. Herufi LED, zilizoenea kwenye runinga tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, hazimaanishi kwamba picha huundwa na taa hizo. Runinga ya aina hiyo ni LCD. Nyuma ya kioo chake mna taa, na mbele ya taa hizo mna utando wa fuwele za kimiminika ambazo hufunguka na kufungika mithili ya mapazia madogo, zikiruhusu mwangaza upite au zikiuzuia. Kisha vichujio vya rangi nyekundu, kijani na samawati hukamilisha kazi. Zamani taa za nyuma zilikuwa mirija ya floresenti. Zilipogeuzwa kuwa za LED, watengenezaji waligeuza na jina.

QLED, jina ambalo Samsung ilianza kulitumia mwaka wa 2017, ni LCD iliyoongezewa tabaka la chembechembe ndogo mno za kuboresha rangi. QNED ya LG ni ya ukoo huo huo. Hata zile ziitwazo Mini LED ni LCD, ila taa zake za nyuma ni ndogo na nyingi zaidi, na zinaweza kufifishwa sehemu moja huku sehemu nyingine ikiachwa iwake.

OLED ni kitu kingine kabisa. Haina taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani kila kimojawapo cha vitone takriban milioni 8.3 vinavyounda picha ya 4K, hutoa mwangaza wake chenyewe. Herufi O huashiria kemikali zenye asili ya kaboni ambazo hung'aa umeme unapopita ndani yake. Pikseli ikiagizwa kuonyesha weusi, huzimika tu.

Ugunduzi uliofungua njia ulitoka mahali ambapo wengi hawangetarajia. Wanasayansi Ching Tang na Steven Van Slyke, waliokuwa wakifanya kazi na kampuni ya filamu za kamera ya Kodak mjini Rochester, Marekani, walichapisha mwaka wa 1987 maelezo ya kifaa cha tabaka nyembamba mbili za kemikali hizo kilichong'aa kwa nguvu ndogo ya umeme. Kodak haikuvuna sana kutokana na mbegu hiyo. Iliuzia LG biashara yake ya OLED mwaka wa 2009, na miaka mitatu baadaye ikaomba kulindwa na mahakama dhidi ya wadai wake.

Runinga ya kwanza ya OLED kuuzwa madukani ilikuwa XEL-1 ya Sony, iliyotolewa nchini Japani mwaka wa 2007. Ilikuwa na upana wa inchi 11 pekee na unene wa milimita 3, na bei yake ilikuwa yeni 200,000. Kwa sebule ilikuwa pambo zaidi ya runinga. Mwaka wa 2013 LG ilileta ya inchi 55, ambayo nchini Marekani ilianza kuuzwa kwa takriban dola 15,000. Samsung nayo ilitoa yake mwaka huo huo, ikajiondoa katika soko hilo, na kurejea mwaka wa 2022 kwa aina inayotumia OLED ya samawati pamoja na chembechembe za kugeuza rangi. Siku hizi runinga ya OLED ya inchi 55 hupatikana huko Marekani kwa chini ya dola 2,000. Hata hivyo, hapa kwetu bado aghalabu bei yake ni zaidi ya maradufu ya LCD ya kawaida ya upana uo huo.

Je, mnunuzi hupata nini kwa gharama hiyo?

Kwanza ni weusi. Jambo hili husikika dogo hadi mtu alione nyumbani usiku, taa za sebule zikiwa zimezimwa. Katika LCD, mwangaza wa nyuma huvuja hata pale ambapo fuwele zimefungika, kwa hivyo anga ya usiku katika filamu huonekana ya kijivu. Katika OLED anga hiyo ni nyeusi tititi, na nyota moja inaweza kung'aa kando ya giza bila ya ukungu kuizunguka. Mini LED hujitahidi kufikia hapo, lakini kwa kuwa taa moja ya nyuma huhudumia maelfu ya pikseli, maandishi meupe kwenye giza mara nyingi huzungukwa na utusitusi wa mwangaza.

Pili ni pembe za kutazamia. Sebule ya Mkenya haina kiti kimoja kilichoelekezwa katikati ya runinga. Baba yuko hapa, wageni wameegemea kule, watoto wameketi mkekani karibu na ukuta. LCD nyingi hupoteza rangi mtu akizitazama kwa upande, hasa zile zilizoundwa ili zitoe weusi mzuri kwa anayeketi mbele. OLED hubadilika kidogo sana, na aliyekalishwa pembeni siku ya fainali hupata karibu picha ile ile ya aliyeketi katikati.

Tatu ni wepesi. Pikseli ya OLED hubadilika kwa muda mfupi kuliko milisekunde moja, hivyo mpira unaosafiri kwa kasi hauachi mkia wa kivuli nyuma yake. Wapenzi wa michezo ya video huthamini sana sifa hii. Lakini wepesi huo una kasoro ambayo wauzaji hawaitaji: filamu za sinema hurekodiwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kamera inapogeuka polepole, kila picha huonekana dhahiri kabla ya nyingine kuifuata. Matokeo ni mtetemo unaoudhi macho ya baadhi ya watazamaji. Katika LCD uzito wa fuwele huficha mtetemo huo. Waweza kuupunguza katika OLED kwa kutumia kipengele cha kulainisha mwendo kilichomo katika mipangilio, ingawa ukikizidisha filamu itaonekana kama kipindi kilichorekodiwa studioni.

Sasa tugeukie upande wa pili wa sarafu.

Udhaifu unaojitokeza kwanza hapa kwetu ni mwangaza wa mchana. OLED inapotakiwa kuonyesha eneo dogo jeupe hung'aa sana, lakini skrini nzima inapokuwa nyeupe, runinga hujipunguza yenyewe ili isile umeme kupita kiasi wala kupata joto. Modeli nyingi zilizotengenezwa kati ya 2017 na 2021 hutoa chini ya kandela 200 kwa kila mita mraba zinapojaa weupe, ilhali LCD ya bei ya wastani huweza kutoa zaidi ya maradufu ya hapo. Modeli za bei ya juu za tangu 2023 zimeimarika, ingawa katika jambo hili Mini LED nzuri bado ziko mbele. Katika nyumba ya Mombasa au Kisumu ambayo madirisha yake hukaa wazi kutwa, na jua la saa nane mchana likaingia hadi kwenye zulia, mechi inayochezwa juu ya barafu au mchangani itaonekana imefifia. Isitoshe, skrini nyingi za OLED zina kioo kinachometa kinachorudisha taswira ya dirisha. Zile za aina ya samawati na chembechembe zina tatizo la ziada: mwanga wa chumbani ukizimulika, weusi wake hugeuka wa kijivu, na sifa kuu ya OLED ikapotea hadi jua litue.

Suala lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni kuchakaa kwa pikseli.

Kemikali zinazong'aa hudhoofika kadiri zinavyotumika, na ile ya samawati hudhoofika haraka zaidi. Kama skrini nzima ingechakaa kwa kipimo kimoja, mtazamaji hangetambua. Tatizo ni kwamba picha nyingine hazisogei. Nembo ya kituo hukaa pembeni saa zote, utepe wa habari hupita chini, na kisanduku cha mabao hakitoki mahali pake kwa dakika 90. Pikseli zinazobeba nembo nyekundu au utepe mweupe hufanya kazi kuliko jirani zake, zikachoka mapema, na hatimaye sura ya nembo hiyo ikabaki ikionekana kama kivuli hata unapotazama kitu kingine. Kivuli hicho hakifutiki. Watu husema skrini imeungua, lakini hakuna kilichoungua: ni sehemu moja imezeeka kuliko nyingine.

Yafaa kutofautisha hali hii na kivuli cha muda, ambacho huonekana baada ya picha tuli kukaa kwa dakika nyingi kisha kikatoweka chenyewe. Kuchakaa kwenyewe hulimbikizana. Saa mbili za leo hujumlishwa na mbili za kesho, na kuipumzisha runinga wiki nzima hakurejeshi kilichotumika.

Kampuni ya Rtings ya Montreal, Canada, ambayo kazi yake ni kupima vifaa vya namna hii, ilianza mwaka wa 2018 kuziendesha runinga sita za LG modeli ya C7 kwa saa 20 kila siku. Zile zilizokuwa zikionyesha kituo cha habari cha CNN ziliingia alama za nembo na utepe wake. Iliyokuwa ikionyesha mchezo wa vita wa Call of Duty haikupata alama za kusumbua hata baada ya maelfu ya saa. Aina ya runinga ilikuwa moja. Lililotofautiana ni kilichotazamwa.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Familia inayotazama taarifa ya habari ya saa moja na ile ya saa tatu kwenye kituo kimoja, jumla ya saa mbili kwa siku, huiwekea skrini nembo hiyo kwa saa 730 kwa mwaka. Ikichanganya na filamu, katuni za watoto na kandanda, hatari huwa ndogo. Lakini kinyozi anayefungua duka saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, runinga ikiwa kwenye kituo kile kile, hufikisha saa 4,380 kwa mwaka. Vivyo hivyo mkahawa, baa, chumba cha kungojea daktari na vile vibanda vya mitaani ambamo vijana hulipia mchezo wa kandanda wa video. Kwa maoni ya mwandishi huyu, mahali kama hapo hapastahili OLED kabisa, hata ikiuzwa kwa nusu ya bei.

Watengenezaji hawakukaa kitako. Runinga za siku hizi husogeza picha nzima kwa pikseli chache mara kwa mara, hufifisha nembo zinapoitambua, na huzima picha iliyosimama kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo huwa na utaratibu wa kujisawazisha. Baada ya jumla ya saa nne hivi za matumizi, runinga ikizimwa kwa kitenzambali hubaki ikifanya kazi kimyakimya kwa dakika kadhaa, ikipima hali ya pikseli na kurekebisha umeme wa kila moja. Upo pia usawazishaji mrefu zaidi, wa takriban saa moja, ambao katika modeli nyingi hujianzisha baada ya kama saa 2,000.

Na hapa ndipo desturi zetu zinapogongana na teknolojia. Wengi wetu tumelelewa kwamba ukimaliza kutazama, unazima kwenye swichi ya ukutani. Tunafanya hivyo ili kuokoa tokeni za stima, na tunafanya hivyo kwa kuhofia umeme kupanda ghafla au radi, hasa kwa wakazi wa Kisii na Kakamega wanaoijua vyema hatari hiyo. Runinga ya OLED inayokatiwa umeme ukutani kila usiku hainawi uso hata siku moja. Usawazishaji haufanyiki, na tofauti kati ya pikseli hulimbikizana bila kurekebishwa.

Dawa yake ni rahisi. Zima kwa kitenzambali, subiri kama robo saa, ndipo uguse swichi ya ukutani ukitaka. Kuhusu gharama, runinga iliyozimwa kwa kitenzambali, huku uunganisho wake wa intaneti wa kusubiri ukiwa umefungwa, hutumia nusu wati hivi, yaani chini ya yuniti tano za stima kwa mwaka mzima. Yule anayeishi mahali ambapo umeme hupotea na kurudi kwa kishindo hana budi kununua kifaa cha kudhibiti volteji kinachochelewesha umeme unaporejea. Mvua ya radi ikianza, chomoa kila kitu. Usawazishaji utangoja kesho.

Kuhusu matumizi ya umeme kwa jumla, OLED ya inchi 55 hutumia wati 100 hivi, ikipanda au kushuka kulingana na picha. Filamu ya usiku hula kidogo, mechi ya mchana hula zaidi. Kwa saa tano za kutazama hiyo ni nusu yuniti kwa siku. Familia inayotegemea paneli ndogo ya sola haina haja ya kupiga hesabu hiyo, kwani runinga za OLED za nyumbani kwa kawaida haziuzwi chini ya inchi 42, na wanaohitaji ndogo ya kutumia betri watapata LCD pekee.

Joto nalo huharakisha kuchakaa. Usiitundike runinga hii juu ya jiko wala kuibana ndani ya kabati lisilopitisha hewa, na ukiwa Lodwar au Garissa punguza kiwango cha mwangaza katika mipangilio hadi pale macho yanaporidhika. Modi ya dukani, ile inayong'arisha kila kitu kupita kiasi, haifai kuachwa ikiwashwa nyumbani.

Jambo jingine ambalo mnunuzi husahau ni kile atakachokitazama. Skrini bora haibadilishi mawimbi hafifu kuwa mazuri. Vipindi vya king'amuzi vilivyobanwa sana, au video ya mtandao inayokatikakatika, huonekana vibaya zaidi kwenye OLED katika sehemu zenye giza, ambapo vivuli hugawanyika vipande vipande vya mraba vilivyokuwa vimefichwa na ukungu wa LCD. Ili kutazama Netflix kwa kiwango cha 4K, kampuni hiyo yenyewe hupendekeza intaneti ya kasi ya megabiti 15 kwa sekunde, na saa moja huweza kula hadi gigabaiti 7. Anayetumia bando za rununu atazimaliza kabla filamu haijafika katikati.

Kuna pia soko la mitumba. Runinga zilizotumika ng'ambo na zile zilizokuwa za maonyesho madukani huuzwa hapa kwa bei ya kuvutia. Kwa LCD hilo huenda likawa jambo jema. Kwa OLED, uliza kwanza ilikuwa wapi: iliyokaa dukani ikionyesha video moja kutwa ndiyo iliyochoka kuliko zote. Usikubali kuonyeshwa maua na samaki. Mwombe muuzaji afungue kwenye mtandao video ya rangi moja inayojaza skrini: kijivu hafifu, kisha nyekundu, kijani, samawati na manjano, moja baada ya nyingine. Simama mbele, tazama pembe ya juu na ukanda wa chini. Kivuli cha nembo au mstari kikijitokeza katika rangi yoyote, ondoka. Modeli nyingi pia huonyesha katika mipangilio jumla ya saa zilizowashwa. Hata kwa runinga mpya, soma dhamana kabla ya kulipa, kwa kuwa mara nyingi alama za kuchakaa huorodheshwa miongoni mwa mambo yasiyofidiwa.

Kwa hivyo nani aichukue? Anayetazama zaidi usiku, katika chumba kinachoweza kutiwa giza, mwenye kupenda filamu, tamthilia na michezo ya video, na mwenye intaneti thabiti, hatajuta. Mwenye sebule yenye jua na runinga inayowaka habari tangu alfajiri angefaa zaidi na Mini LED ya kiwango cha kati, na baki ya fedha akanunulia spika, maana sauti ya runinga nyembamba, iwe ya aina gani, ni dhaifu.

Atakayeamua kununua OLED akumbuke safari ya kuipeleka nyumbani. Kioo chake katika sehemu ya juu ni chembamba kuliko vidole viwili, na kikipata ufa hewa na unyevu huingia na kuua kemikali zilizomo ndani. Isafirishwe ikiwa imesimama wima ndani ya kasha lake, kamwe isilazwe juu ya kiti cha nyuma cha matatu wala kufungwa kwenye bodaboda. Ikifika, watu wawili waiinue kwa kushika sehemu ya chini, bila kubonyeza kioo kwa vidole, na kasha litunzwe hadi kipindi cha dhamana kiishe.